Nyuzi za Marehemu Kaka

4 Agosti, Jumanne

Nimekabidhiwa gitaa la marehemu kaka! Binti yake anaolewa Jumamosi, na anataka kuingia ukumbini kwa ule wimbo ambao baba yake alikuwa akimpigia ili alale. Wimbo hauna maneno wala haukurekodiwa. Umebaki kichwani mwa binti tu. Akaniuliza, Baba Mdogo, si wewe ulikuwa mwanabendi? Nikamwambia mwanangu, ujanani nilipiga gitaa mpaka treni ya mizigo ikasimama, dereva akashuka kuomba nirudie. Ukweli nilikuwa nabeba spika. Lakini bila spika bendi ni watu wanaojikuna tu.

Nimelitoa kabatini kwa shemeji, mjane wa kaka, limevalishwa foronya kama mgonjwa. Nikapitisha kidole gumba juu ya nyuzi zote bila kubana chochote. Mungu wangu! Ikatoka sauti moja tamu, nzima, imekamilika, ikazunguka chumba na kutua juu ya pazia. Nikalaza kidole kimoja kukatisha nyuzi zote. Tamu nyingine! Nikasogeza kidole. Nyingine! Kumbe kazi yenyewe ndiyo hii? Na watu wanaisomea! Nina kipaji. Nilikishuku siku nyingi.

5 Agosti, Jumatano

Kutwa nzima dirishani na gitaa. Jua limeingia, vumbi linaelea ndani yake kama linasikiliza. Binti alinivumia wimbo asubuhi, nikaufuata. Kidole kinateremka, kinatulia, kinapanda tena. Sijui nilikaa saa ngapi. Chai ilipoa, nikainywa hivyohivyo nikidhani ni maji. Binti alipita uani na ndoo, akasimama. Maji yakawa yanamwagikia miguuni wala hana habari.

Raha haidumu. Akaja Kinanda. Huyu ni kaka yake shemeji, mwalimu wa kwaya, anatembea kama amemeza rula. Akagusa nyuzi, akakunja uso. Eti gitaa limelegea, duniani kote magitaa hayakazwi hivi, aliyelikaza hivi hajui gitaa. Tena akajitolea: mambo yakinishinda, yeye yupo na kinanda chake. Mambo yanishinde mimi? Nikamjibu kwamba nyuzi nilizilegeza kwa makusudi, zipumzike, ndivyo tunavyofanya sisi wa zamani. Kesho atazikuta zimekazwa kama za duniani kote.

Mdomo huu! Ungekuwa wa kuazima ningeshaurudisha.

6 Agosti, Alhamisi

Nimelipeleka kwa fundi redio. Ana kidude chenye mshale kinachopima sauti. Akapima, akakuna kidevu, akasema mzee, mbona kama kuna mtu alilipanga hivi kwa akili yake? Nikamwambia fundi, wewe kaza. Akakaza nyuzi tatu. Nikamwachia hadithi ya treni, safari hii ikiwa na mabehewa zaidi.

Nyumbani nikapitisha kidole gumba. Yallah! Sahani zimeanguka ngazini! Nikalaza kidole. Sahani na vijiko. Nimejaribu kutumia vidole vyote kama wapiga gitaa wa kweli, vikagombana kama watu mlangoni mwa basi. Basi nikasema nilegeze mwenyewe. Lakini nyuzi zipi? Kiasi gani? Nimeukaza huu, nimeulegeza ule, mpaka gitaa zima likawa linalia kama mbuzi mwenye mafua. Ile sauti imekwenda. Nimeangalia mpaka juu ya pazia.

7 Agosti, Ijumaa

Mpango mpya: nimefunga kidole bendeji. Nimemwambia binti mlango umenibana, mfupa umetoka nje, nimeurudisha mwenyewe. Hakulia. Ingekuwa afadhali alie. Akasema basi, Mjomba atapiga kinanda. Kisha akasema, taratibu kama anaongea na dirisha, kwamba uso wa baba yake umeanza kumtoka, lakini akisikia ule mlio anauona wote, mpaka kovu la kidevuni.

Nilikaa uani, nikiangalia nguo zilizoanikwa zikipumua.

Shemeji alikuwa sebuleni anapinda gauni la harusi, pini mdomoni. Akaniambia bila kuinua macho kwamba asubuhi bendeji ilikuwa mkono wa kushoto. Nikasema maumivu yamehama. Akasema, "Shemeji, lete hilo gitaa."

Ndipo akanieleza. Kaka alipoumizwa na msumeno kiwandani, vidole vyake vya mkono wa kushoto vikakakamaa vyote isipokuwa kimoja. Akashindwa kubana nyuzi kama zamani. Basi akazilegeza siku baada ya siku, mpaka zikakubali kuimba kwa kidole hicho kimoja. Kwa hiyo si kipaji changu? Swali hilo nimelipitisha haraka.

Alikuwa akisema nyuzi ni ukoo, shemeji akaendelea. Huyu mnene kabisa, mlegeze mpaka aimbe sawa na huyu wa nne kutoka chini, ila kwa sauti ya babu. Anayemfuata babu, mlegeze mpaka afanane na huyu wa tatu. Huyu mwembamba wa chini kabisa naye ashuke, awe mjukuu wa yule wa nne. Akawa ananivumia kila sauti huku pini zimo mdomoni, mimi nazungusha masikio ya gitaa. Ukabaki uzi mmoja usio na mwenzake. Nikaugusa. Akanizuia mkono. Alikuwa akiuita binti yetu, akasema. Huyo usimsogeze.

Nikapitisha kidole gumba.

Shemeji alitoa pini mdomoni, moja moja.

8 Agosti, Jumamosi

Nimepiga! Bendeji nimeivua mbele za watu, nikatangaza kwamba mifupa ya ukoo wetu huunga haraka. Mlango ukafunguliwa. Kidole kikateremka, kikatulia, kikapanda. Binti alifika katikati ya ukumbi akasimama, akafumba macho. Bwana harusi akawa anamsubiri kule mbele, wala hakuna aliyemharakisha. Alitabasamu kama mtu anayeitwa jina lake kutoka chumba cha pili. Kisha akaja.

Jicho langu liliingiwa na kitu. La Kinanda nalo liliingiwa na kitu, nikampa leso yangu. Imetumika, lakini hakuuliza.

9 Agosti, Jumapili

Nimeamka mtu mashuhuri. Nimewaeleza wageni jinsi nilivyobuni ukazaji wangu wa nyuzi, siri ya miaka. Shemeji alikohoa. Mafua ya harusi.

Mchana shangazi wa bwana harusi akaniita pembeni. Ana kodiani ya marehemu mumewe, kile kinanda cha kukumbatia na kuvuta, haijaguswa tangu afariki. Anatamani kuisikia mara moja tu. Je, naijua kodiani? Nikamwambia mama, nilizaliwa nimeikumbatia, mkunga alipata taabu.

Ninayo hapa mezani. Kitu kizuri sana. Ila nimeona vifungo vingine vimezama, vingine vimechomoza. Mpangilio gani huu? Aliyeiacha hivi hakuijua kodiani.

Nimeazima bisibisi kwa jirani. Naanza kuvisawazisha vyote.