Yah: Kabati Bado Lipo, Dada Ameondoka

Awadhi Suleimani,
Kijiji cha Chilangala,
Newala.
3 Novemba 2024

Meneja,
Soko la Mtandaoni la Mnada Mkononi,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU TANGAZO LANGU LA KULIPIA

Natanguliza heshima zote. Mimi ni mteja wenu, mkulima wa korosho, umri miaka hamsini na sita, sijawahi kushtakiwa wala kumshtaki mtu. Barua hii nimeianza mara tatu. Mbili za kwanza nimezichana kwa kuwa lugha ilikuwa kali. Hii naandika nikiwa nimeshiba, ingawa chakula chenyewe nimepika mimi, na hilo nitalieleza.

Mwezi wa nane niliamua kuuza kabati langu la nguo ili ninunue tanki la kukingia maji ya mvua, maana huku kwetu juu maji tunanunua kwa ndoo. Kabati ni la mninga, milango miwili, kioo kimoja. Jirani yangu Somoe, ambaye vitenge vyake vyote huviuza kwa simu, akanishauri niliweke kwenu. Mlinieleza kwamba tangazo la bure litaonekana likipata nafasi, na la shilingi elfu kumi litakaa juu kabisa kwa siku saba. Nikalipia la juu.

Shida ni kwamba mlango wa kushoto wa kabati hujifunga wenyewe. Nikamwita dada yangu Bimdogo aushike ili nipige picha. Bimdogo ananifuata kuzaliwa. Alifiwa na mumewe huko Chiwata akaja kukaa kwangu, mwaka mmoja baada ya mke wangu naye kutangulia mbele ya haki, na huu ulikuwa mwaka wa tisa. Nilipokuwa napiga picha, kuku akachomoka ndani ya kabati, Bimdogo akacheka. Nikaituma hivyo hivyo. Andiko langu lilikuwa fupi: "Kabati imara, halijachubuka, linapatikana Chilangala."

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Wateja wenu hawanunui. Watu arobaini na mmoja waliniuliza, "Bado lipo?" Nikawajibu wote kwamba lipo. Wakanyamaza. Mpaka leo sijui walitaka kulinunua au walikuwa wanalijulia hali.

2. Wachache walioendelea na mazungumzo walitaka vitu vingine. Bwana mmoja wa Lukuledi, jina lake Vitalis, alinipigia mara mbili kuulizia yule kuku. Mama mmoja aliulizia kitenge cha Bimdogo kimenunuliwa wapi. Mtu wa tatu akaandika, "Na huyo dada?" Nikamjibu kwamba huyo hayumo kwenye bei. Nikadhani nimemaliza.

3. Siku ya tano akaja mtu kutoka Masasi, kapanda mlima wote huo kwa pikipiki, jina lake Ashiru. Akanipa shikamoo, nikamwitikia, ingawa mvi zetu zinalingana. Akasema amekuja kuliona kabati. Nikamuuliza anafanya kazi gani. Akasema yeye ni fundi seremala.

Ndugu Meneja, naomba usome hapo mara mbili. Seremala. Ana karakana yake pale mjini, na siku hiyo ndani yake yalikuwamo makabati saba mapya. Alinitajia mwenyewe hiyo idadi, wala haya hakuona.

Akalipima kabati kwa futi, urefu, upana na kina. Bimdogo akamshikia ncha ya futi. Akala ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, akanywa chai, akaondoka. Baada ya siku nne akarudi, akasema vipimo vimempotea. Akapima tena, safari hii polepole zaidi. Nilimchinjia kuku, kwa sababu mgeni ni mgeni hata akiwa na futi. Mara ya tatu hakuja na futi. Alikuja na kilo mbili za sukari na mjomba wake.

Ningepaswa kushtuka mapema. Mara ya kwanza aliniita "mzee wangu", mara ya pili "kaka", na mara ya tatu "shemeji", kabati likiwa bado halijalipiwa hata senti.

Nilimwita Bimdogo uani nikamwambia, "Huyu mtu ni tapeli. Seremala hanunui kabati."

Akajibu, "Najua, kaka. Aliniambia siku ile ile ya kwanza."

"Alikwambia nini?"

"Kwamba kabati lako lina dosari kwenye bawaba, na kwamba hakulijia hilo."

Nikamuuliza amekosa nini kwangu mpaka amfuate mtu aliyemwona kwenye simu. Akaendelea kupepeta mchele. Kisha akasema, "Miaka tisa, kaka, ukirudi shamba unaniuliza chakula kiko wapi. Huyu kaniuliza kama nimekula."

Hapo, Ndugu Meneja, sikuwa na jibu. Na ninyi wenyewe mtakubali kwamba mteja aliyelipia tangazo la juu kabisa hapaswi kufikishwa mahali pa kukosa jibu nyumbani kwake.

4. Ndoa ilifungwa tarehe 12 Oktoba. Kwa kuwa baba yetu hayupo, walii nilikuwa mimi, na mkono nimeutoa mimi. Msije mkanigeuzia hilo. Nilikuwa sebuleni, nimebanwa kati ya sheikh na kabati.

Ila suala la kisheria ni hili. Anayewakutanisha watu wawili mpaka wakaoana huitwa mshenga. Kwa hiyo mshenga ni ninyi. Na mshenga hupewa chake na upande wa mume. Ninyi mmechukua elfu kumi kwangu mimi, mwenye dada! Nimelipa ili nichukuliwe mtu wangu. Zaidi ya hapo, mshenga ana wajibu. Siku wakikorofishana, ninyi ndio mtakaopigiwa simu, na itabidi mpande basi hadi Masasi mkawasuluhishe. Naomba mniandikie nani hasa atakuja.

5. Siku hiyo hiyo ya ndoa, wali ukiwa bado jikoni, kwenye simu yangu uliingia ujumbe wenu: "Hongera! Tangazo lako limetazamwa na watu 3,412. Je, umefanikiwa? Jibu 1 NDIYO, 2 HAPANA." Nilikaa na ile simu mpaka watu wakadhani nimepokea taarifa ya msiba. Kabati lipo, kwa hiyo ni 2. Lakini nyumba nzima inapiga vigelegele, kwa hiyo ni 1. Nikajibu 1 kwa adabu tu. Mkaniuliza nawapa nyota ngapi.

6. Nilipiga simu huduma kwa wateja, nikapokelewa vizuri na binti anayeitwa Veridiana. Akasema, "Pole sana, baba. Bidhaa iliyopotea ni ipi?" Nikasema, "Dada yangu." Nikasikia anabofya mashine, kisha akasema, "Baba, hiyo haipo kwenye orodha yetu." Basi iwekeni. Kama haipo kwenye orodha, iliondokaje kupitia kwenu?

7. Hali yangu ya sasa. Sijui chumvi inakaa wapi. Nimepata mikebe mitatu yenye unga mweupe na yote nimeionja. Kisamvu nilichopika jana kilikuwa kigumu hata kuku wamekiacha. Nikirudi shamba hakuna wa kumwuliza chakula kiko wapi, na nimegundua kwamba swali lile lilikuwa ndiyo maongezi yangu yote ya siku. Juzi nililiuliza kwa mazoea, kwa sauti, nikiwa mlangoni. Nikasimama pale muda mrefu kidogo.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo. Mnirudishie elfu kumi yangu. Kama haiwezekani, mnirudishie Bimdogo, walau siku za Jumatatu hadi Alhamisi. Mnilipe fidia ya kuku mmoja aliyeliwa kwa ajili ya vipimo. Na kila tangazo la kulipia liwekewe onyo kwa herufi kubwa, kama lile la kwenye sigara: TANGAZO HILI LINAWEZA KUONDOKA NA MTU. Msipojibu ndani ya siku ishirini na moja nitawatangaza kwa kila kijiji kuanzia hapa mpaka Masasi kwamba kwenu hakuuziki kitu, na kwamba mtu mwenye akili timamu asiwape hata shilingi.

Nisalimieni wafanyakazi wote, wa ofisini na wa kwenye mitambo, na binti Veridiana kwa namna ya pekee, maana alinisikiliza mpaka salio langu likaisha. Poleni na joto la huko.

Mteja wenu aliyeumia,
Awadhi Suleimani.

Nyongeza, 9 Novemba: Bahasha nilikuwa sijaifunga. Jana Ijumaa nilikwenda Masasi kumwona Bimdogo, nikamkuta amekaa kwenye kigoda kipya karakanani anacheka, amenenepa, na mumewe anampepea. Nimerudi nimefikiri njia nzima. Hiyo elfu kumi msinirudishie. Iingizeni kwenye tangazo jipya la siku saba, lile la juu kabisa. Picha amenipiga Somoe leo asubuhi, naiambatanisha. Kabati ni lile lile, ila safari hii mlango nimeushika mimi, nimevaa kanzu. Mkiona sijacheka vizuri, niambieni nipige nyingine. Kwenye bei andikeni tu: maelewano.