Simu ya Upepo ya Hajati Fatumah Inayofikisha Maneno Kama Yalivyosemwa

Kasimiro Wani,
Mpelekaji wa Salamu,
Nyuma ya Soko,
Koboko.
Machi, 1994

Kwa Bwana Ofisa wa Biashara,
Arua.

Bwana Ofisa,

Nakuandikia nikiwa nimekaa vizuri kwenye kiti na nimenawa mikono, kwa sababu nakuheshimu ingawa hatujaonana. Kiswahili changu nilikipata jeshini, kambi ya Nakuru, kabla ya Uhuru. Ukikuta neno limesimama wima sana, tafadhali uliambie lipumzike.

Kazi yangu ni salamu. Watu wetu waliporudi kutoka ukimbizini Sudan na Zaire walirudi na watoto, mbuzi na masufuria, lakini posta haikurudi nao. Nikapata baiskeli, nikaanza kubeba maneno kati ya Koboko na Arua. Sisemi barua, barua inahitaji kalamu, na mtu mwenye hasira hana subira ya kalamu. Mtu huniita, hunieleza lililo moyoni, nami nalipakia kichwani, napita Maracha, nafika Arua, namtafuta mwenyewe mpaka nimpate. Hunipa jibu, chakula na mkeka wa kulalia. Watu wa pande zote mbili walikuwa wakiniona kwa mbali wakifurahi, jambo ambalo wewe, Bwana Ofisa, kwa kazi yako ya ushuru, labda hulifahamu.

Sasa kiangazi kilichopita Hajati Fatumah, mjane aliyekuwa akiuza sabuni na chumvi karibu na msikiti, alirudi kutoka Arua juu ya lori la mihogo akiwa amekumbatia sanduku. Ndani mlikuwa na simu ya upepo. Alikuja pia na betri ya gari, na bamba la sola analolitandaza juu ya bati kama mtu anayeanika samaki. Akasimamisha mwanzi mrefu, akafunga waya. Mashine ya pili iko Arua kwa shemeji yake. Unafika dukani, unataja jina la mtu wako, anaitwa kule, mnaongea kama mmekaa benchi moja. Koboko nzima ilisema haya ni maendeleo. Hata mimi nilipiga makofi, maana nilidhani chombo kile kitabeba habari za serikali tu, ambazo hakuna aliyewahi kunituma.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mashine hii haijui kubeba neno.

Neno likitoka mdomoni huwa la moto. Ukilipakia kwenye baiskeli, likapigwa na upepo, likasukumwa kwenye vilima vya Maracha, linafika limepoa na mtu anaweza kulishika mkononi. Chukua habari ya Yugu, mchuuzi wa tumbaku hapa Koboko, na Ezati wa Arua aliyemwoa Poni, dada yake Yugu. Katika ng'ombe wa mahari Ezati alileta fahali mmoja anayechechemea. Yugu aliniita akasema, "Mwambie Ezati, ng'ombe yake inatembea kama akili yake."

Nilipofika Arua nilimwambia Ezati kwamba shemeji anashukuru sana, na kwamba fahali ana mwendo wa taratibu. Ezati akajibu maneno ambayo siwezi kumwandikia ofisa. Nilimfikishia Yugu kwamba shemeji amefurahi kusikia hivyo. Kwa njia hii watu wawili ambao hawakuonana walipendana miaka na miaka, na Poni akazaa watoto kwa amani.

Mashine ilipokuja, Yugu alikwenda kumsalimu shemeji yake. Ezati, kwa upole, akaitaja ile shukrani ya fahali. Nilikuwepo dukani, nikaanza kutazama nje. Yugu akasema, "Mimi nilisema asante? Mimi nilisema inatembea kama akili yako. Ova."

Ezati alipanda lori akaja Koboko kugombana. Walipayuka mbele ya nyumba ya Yugu mpaka sauti zikakauka. Kisha Ezati akataka kumwona huyo fahali mwenyewe. Wakaenda zizini, wakamkuta mzee, mnene, bado anachechemea, na kila alipopiga hatua mmoja wao alishindwa kujizuia. Walicheka wakishikana mabega. Wakamchinja. Siku hizi Yugu anatuma tumbaku na Ezati anaiuza Arua, wanaitana kwenye mashine kila siku ya soko, na wanatukanana kwa furaha kubwa. Mimi sikupewa hata kwato.

2. Mashine imeleta neno "ova".

Ukimaliza kusema ni lazima useme ova, ndipo mwenzako apate nafasi. Sheria hii ilipaswa kubaki dukani. Imetoka. Katekista wetu alimaliza sala ya Jumapili kwa ova, na waumini wakaitikia. Nyumbani kwangu mke wangu Kiden aliniambia, "Chakula iko tayari, ova." Nikadhani ni mzaha. Nikaanza kumweleza habari za safari zangu, kama ninavyofanya kila jioni tangu tuoane, akanyamaza akisubiri. Nilipovuta pumzi akauliza kama nimesema ova. Nikasema bado. Akasema, "Basi sema, mimi pia iko na maneno." Bwana Ofisa, alikuwa nayo mengi. Mengine ni ya tangu tulipokuwa wakimbizi Sudan. Nilikaa nikisubiri zamu yangu mpaka ugali ukapoa, na kwa mara ya kwanza nilijua kwamba hapendi samaki wa kukausha ambao nimekuwa nikimletea kutoka Arua kama zawadi. Nilikuwa nikijivunia samaki wale.

3. Mashine inaharibu biashara, na hili ni la ofisi yako kabisa.

Zamani mchuuzi wa simsim, yaani ufuta, akifika kijiji cha Lurujo na magunia matupu, yeye ndiye aliyejua bei ya Arua, na akina mama wa Lurujo walijua mvua na palizi. Kila mtu alikuwa na elimu yake. Hivi sasa akina mama hao humtuma mmoja wao kwa Hajati. Anaulizia bei ya sokoni Arua, anarudi, wote wanakaa juu ya magunia yao wakimsubiri mchuuzi kama wanavyosubiri mgeni wa heshima. Rafiki yangu mmoja alifika akataja bei yake ya miaka yote. Walicheka mpaka mmoja wao akashikiliwa asianguke. Baadaye walikodi lori wenyewe. Nimeambiwa wamenunua mashine ya kukamulia mafuta, na kwamba makapi yake wanalishia nguruwe.

Nakuuliza kama mtaalamu: biashara itasimama wapi, ikiwa muuzaji naye atajua thamani ya kitu chake?

4. Hili ni zito, na ningependa ulisome ukiwa umekaa.

Yupo hapa Koboko mama mmoja Mlugbara, mzee sana, anaitwa Candiru. Mwanawe wa pekee, Ayiko, ni fundi cherehani Arua, upande wa Ediofe. Kila nilipokwenda, mama alinituma nimwambie mwanawe kwamba mlango uko wazi. Nami kila mara nilimkuta Ayiko ameinamia cherehani yake. Alinisikiliza, akasema, "Mwambie niko." Hakuongeza. Si mtu mbaya, Bwana Ofisa. Aliondoka nyumbani kwa ugomvi na marehemu baba yake, na kadiri alivyokawia ndivyo njia ilivyozidi kuwa ndefu.

Sasa mtu hawezi kuendesha baiskeli siku nzima akiwa amebeba neno "niko". Ni mzigo mwepesi mno, unapeperuka. Kwa hiyo njiani nililijaza. Nilimwambia mama kwamba Ayiko anamsalimu, kwamba anaikumbuka mboga yake ya kunde, kwamba anauliza kama goti lake limepona, na kwamba atakuja Krismasi. Krismasi ikipita nilisema cherehani iliharibika. Mama alikuwa akinisikiliza amefumba macho, kisha ananichinjia kuku. Nilimla kwa haki, maana nilimfanyia kazi.

Alipopelekwa kwenye mashine na majirani alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Ayiko akaitwa kule. Mama aliinama karibu na sanduku, akamuuliza kama cherehani imetengenezwa, na kwa nini hakuja Krismasi.

Ayiko akasema, "Nani alisema nitakuja?"

Hakusema ova. Sanduku likabaki linakoroma. Watu wote dukani walitazama viatu vyao, na wasiokuwa na viatu wakatazama miguu. Mama Candiru akanyoosha mkono, akaligusa sanduku kama mtu anayegusa paji la mtoto mwenye homa, akasema taratibu, "Mlango iko wazi. Ova." Akatoka.

Jumamosi iliyofuata Ayiko alishuka kwenye lori hapo sokoni, na cherehani yake begani. Hakuuliza njia.

Sasa niambie, haya ni maendeleo gani? Kwa miaka yote mimi nilimleta Ayiko nyumbani kwa maneno, mzima, mwenye adabu, anayekumbuka mboga ya kunde. Mashine imemleta yeye mwenyewe mara moja tu, amekonda, ana mvi, na hapendi kunde. Ameweka cherehani barazani kwa mama yake, anashona sare za shule, na mama anakaa karibu naye akimshikia uzi. Mteja niliyekuwa nikimtegemea nimempoteza.

Nilidhani mama atanichukia, nikawa napita njia ya nyuma. Aliniita mwenyewe. Akaniuliza, "Kasimiro, yale maneno ya siku zote ilikuwa ya nani?"

Nilisema yalikuwa ya barabarani.

Akasema, "Ilikuwa mazuri." Kisha akanipa maji ya kunywa. Kuku hakuwepo.

5. Jua.

Lile bamba la Hajati linakula jua la Koboko tangu asubuhi mpaka jioni, na hakuna mtu aliyeomba kibali. Jua ni mali ya wananchi wote, Waislamu na Wakristo. Nimechunguza na kuona kwamba nguo zangu sasa zinachelewa kukauka. Kiden anasema ni kwa sababu mvua imeanza. Lakini mvua huanza kila mwaka, na bamba ni la mwaka huu. Tukiwaachia, kesho mwingine ataleta bamba la kusagia mahindi, mwingine la kupoza dawa za chanjo, mwingine la kumulika zahanati akina mama wakijifungua, na sisi tutabaki gizani mchana.

Kwa sababu hizo naomba ofisi yako ichukue hatua. Kwanza, mashine ifungwe. Kama haiwezekani kufungwa, kwa kuwa naambiwa mke wako pia huitumia kuongea na dada yake, basi ilazimishwe kuchelewa: mtu akisema leo, neno lisikike baada ya muda ambao baiskeli ingetumia, pamoja na kuziba pancha. Kama hilo nalo ni gumu kwa mafundi, basi sheria itamke kwamba kati ya mdomo wa msemaji na kile kipaza sauti akae mtu mzima mwenye uzoefu, alisikie neno kwanza, alipooze, ndipo alipitishe. Sitaji jina. Mtu huyo awe na baiskeli yake mwenyewe. Na kama haya yote yatashindikana, naomba ukweli uruhusiwe siku za soko tu, na siku nyingine watu wapumzike.

Nimesema kwa unyenyekevu. Nisalimie makarani wako, na yule mlinzi wa langoni aliyenizuia nisiingie mara ya mwisho. Mwambie nilisema anafanya kazi nzuri. Salamu kwa mama wa nyumba yako, kwa watoto, na kwa wazee wa nyumbani kwenu popote walipo. Kiden naye anakusalimu, ingawa hajui nimeandika nini.

Wako katika kungoja hatua,

Kasimiro Wani,
Mpelekaji wa Salamu.

N.B. Naandika haya mgongoni mwa bahasha, maana nilikuwa nimeshaigandisha kwa uji wa muhogo nilipoitwa mbio dukani kwa Hajati. Binti yangu Viktoria ameolewa huko Arua. Kumbe uchungu ulimshika kabla ya wakati wake, ukawa mgumu, wakampeleka hospitali ya Kuluva, na mimi hapa nilikuwa nahesabu makosa ya mashine. Upande wa pili alikuwa mkwe wangu, Laku. Sauti yake ilikwaruza kama mtu aliye ndani ya debe. Alisema, "Baba, Viktoria iko salama. Mutoto iko, msichana. Ova." Ikawa zamu yangu. Hajati alinibonyezea kitufe, na mimi niliyebeba maneno ya watu miaka yote hii sikuona hata moja. Mwishowe nilisema, "Rudia. Rudia vile vile, usiongeze kitu." Akarudia. Nikamwomba arudie tena, na waliokuwa kwenye foleni hawakulalamika.

Barua siwezi kuiandika upya, karatasi zimekwisha. Lakini ukiisha kuisoma na kuandika amri ya kuifunga mashine, nakuomba usiitume kwa polisi wala kwa dereva wa lori. Niite mimi. Nitakuja na baiskeli, nitaibeba amri yako mpaka kwa Hajati Fatumah, na nitamfikishia kama ninavyojua.