Uwatu wa Shemeji

Jumatatu, 9 Juni
Kinyozi amenimaliza kwa dakika mbili. Kadai dakika moja na nusu alikuwa anazitafuta nywele! Yeye zake msitu. Jumamosi najitambulisha kwa baba wa Fundi Cherehani, binti nimpendaye, ambaye Kinyozi naye anamtaka, na utosi wangu unang'aa kama sufuria mpya. Lakini jikoni nimemsikia Mama akimsifia shemeji, aliyejifungua juzi, mbegu za uwatu: huongeza maziwa, hutuliza tumbo, huotesha nywele. Huotesha nywele!

Jumanne, 10 Juni
Nimechukua uwatu wote wa shemeji. Mama husema usagwe kwanza. Nisage, kinu kinitangaze? Nimeloweka mbegu nzima nzima, nikajipaka na utelezi wake, nikavuta kofia ya sufu. Kazini ghalani bosi kauliza nani anapika mchuzi. Nimemsingizia mlinzi.

Jumatano, 11 Juni
Kichanga kinalia, maziwa hayatoshi. Mama kakuta kopo la uwatu tupu. Nikasema ni panya. Shemeji akauliza panya gani anayejua kurudisha kifuniko. Roho imeniuma. Kidogo.

Ijumaa, 13 Juni
Kichwa kinanitekenya! Nimepenyeza kidole chini ya kofia: zimeota! Laini, nyingi, zimesimama! Kioo sikitazami. Nitafunua kesho, mbele ya wenyewe.

Jumamosi, 14 Juni
Nimeongozana na Mama hadi kwao Fundi Cherehani. Tumemkuta Kinyozi anamnyoa mzee ndevu. Anajipendekeza! Nikavua kofia kwa madaha. Fundi Cherehani akasogea, akachomoa moja, akatafuna, akasema ni mboga, tena changa. Kinyozi akauliza aninyoe au avune. Mama akautambua uwatu wake, akavua kiatu.

Fundi Cherehani kasema upara haujawahi kumkera, baba yake anao, mjomba wake anao. Ila mtu anayemnyima kichanga maziwa, huyo hamtaki hata kwa dawa. Nimelia njia nzima. Nampenda, jamani.

Jumapili, 15 Juni
Nimemwomba shemeji radhi. Kaitikia kwa kunikabidhi nepi nifue.

Nikifua nimetafakari sana, na kosa langu nimeliona. Mbegu! Uwatu ni mpole mno, ndiyo maana wanapewa wazazi. Kichwa sugu kinataka haradali. Inawasha mpaka machozi, na kinachowasha kinafanya kazi. Bibi wa jirani kaanika ungo mzima uani, na kila siku saa nne huenda sokoni.