Beringi za Daraja la Kwanza

Jumanne, 8 Julai

Siku ya ushindi! Nimerudi Tunduma na pikipiki ya Mzee Abrahamu, baba yake Anastazia. Mzee ni mkulima wa kahawa kule Ihanda, na ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya posa yangu. Jana, Sabasaba, nilikwenda kumsalimia, nikakuta pikipiki yake inanguruma vibaya. Nikasema hapo hapo, mbele ya watu, kwamba ni beringi za krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, na kwamba nitazibadilisha mwenyewe. Mzee akauliza nilijifunzia wapi ufundi. Nikamjibu kwamba uko kwenye damu. Kazi yangu ni kuuza kava za simu, lakini hilo hakuuliza.

Anaitaka Jumamosi, ya kubebea kahawa. Justine naye alikuwepo, ameegemea kirikuu chake, kile kigari cha mizigo. Ni jirani yao, na anamtazama Anastazia kupita kiasi cha ujirani. Akapendekeza niipeleke kwa fundi. Wivu mtupu!

Jumatano, 9 Julai

Injini nimeifungua kwa msaada wa video ya Mhindi mmoja. Lugha sikuielewa, mikono niliielewa. Beringi za zamani zimelegea, zinacheza kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Ubavuni zina namba, na mbele ya namba kuna C3.

Anastazia amepiga simu kunisihi niende kwa fundi, baba yake hana pikipiki nyingine. Nimemwambia atulie.

Nikaenda kwa Mwanakombo, muuza spea, mwanamke wa Tanga asiyejua kunong'ona. Akazitazama zile za zamani, akatoa mpya papo hapo. Ziko wazi pembeni, gololi zote nje, na zimeandikwa C3. Sikuzaliwa jana. C3 ni daraja la tatu! Nikaomba C1. Akasema hana, na haifungwi kwenye pikipiki. Nikaomba basi hata C2. Akauliza nani kaniroga.

"Injini inataka C3, tena iliyo wazi, mafuta yapite," alisema. "Hutaki, kakangu, mlango ule pale."

Yaani nimpelekee baba mkwe mali ya daraja la tatu, tena ambayo kiwanda hakijamaliza kuifunika? Nikatoka na heshima yangu.

Alhamisi, 10 Julai

Nimevuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia. Muuzaji wa kule ana adabu. "Mwaiseni, bosi," alinikaribisha. Nikamwambia sitaki chochote chenye C3. Akafurahi sana. Akaleta beringi za namba ile ile, hazina C hata moja, zimezibwa kwa mpira mweusi pande zote mbili. Zinang'aa! Nikauliza kama zinafaa kwa pikipiki. Akasema zinafaa kwa chochote kinachozunguka. Huyo ndiye mtaalamu.

Nyumbani nimeona boksi lina picha ya pampu ya maji. Nadhani ni pambo.

Ijumaa, 11 Julai

Balaa. Video inaonyesha beringi zikigandishwa zisinyae, na kasha la injini likipashwa moto litanuke, ndipo ziingie bila nyundo. Jana nilizificha kwenye friza la Bi Faudhia, mama mwenye nyumba wangu, chini ya perege wake wa biashara. Sikumwambia, angeuliza maswali. Asubuhi nakuta beringi moja haipo. Imeuzwa pamoja na samaki!

Nikaifuata hadi kwa Mama Miriamu, mke wa mchungaji. Nilimkuta jikoni, ameiweka juu ya meza, anaiombea. Nikasema ni jiwe la mizani. Akanirudishia kwa ncha za vidole. Kufikia mchana wateja walikuwa wanamwita Bi Faudhia Mama Vyuma. Amenipiga marufuku jikoni.

Lakini zimeingia! Tii! Injini imewaka kwa teke la kwanza, mlio laini kabisa. Nikajipiga picha nikamtumia Justine. Hajajibu. Amekata tamaa.

Jumamosi, 12 Julai

Nilitoka asubuhi na shati jeupe, nikapita foleni ya malori huku nikiwapungia madereva. Nje ya mji injini ikaanza kuimba. Nikaona ni dalili nzuri. Kwenye mlima kabla ya Ihanda kuimba kukageuka kulia, ikatoa harufu ya kuungua, tairi la nyuma likagoma. Krr! Kimya. Nikaacha ipoe, ikawaka, ikasogea kidogo, ikakwama tena. Nimesukuma. Shati si jeupe tena.

Na nani atokee? Justine! Nikainama nijifanye nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala. Akashuka bila kucheka, jambo lililoniudhi zaidi. Kwenye kirikuu alikuwemo Mzee Abrahamu mwenyewe, na magunia ya kahawa nyuma. Alichoka kunisubiri.

Mzee aligusa injini akarudisha mkono haraka. Akauliza spea nilinunua wapi. Nikasema nje ya nchi.

"Kijana," alisema, "binti yangu nitampa mtu anayeweza kuniambia 'sijui'."

Nikapanda nyuma, katikati ya magunia na pikipiki. Nyumbani kwao Mzee alisimulia yote. Anastazia aliniletea maji ya kunawa, akauliza kwa sauti ya chini hilo neno 'sijui' lina uzito gani hata nishindwe kulibeba. Macho yake yalikuwa mekundu. Niliona aibu ya kweli. Ilidumu mpaka chakula kilipoletwa.

Jumapili, 13 Julai

Nimelala Ihanda, kwa jirani. Nilipotaja C3, Justine alimpigia Mwanakombo, akaweka sauti nje ili kila mtu asikie. Mama yule akaeleza kwamba C3 si daraja. Ni nafasi iliyoachwa ndani ya beringi. Chuma kikipata moto kinatanuka, na kikikosa nafasi kinabana. Kumbe! Sasa kwa nini hawaandiki "nafasi"?

Justine amekwenda Tunduma kuchukua zile za C3, amerudi, na fundi wa hapa anazifunga. Nimemuuliza Justine anatafuta nini kwa Anastazia. Akashangaa. Anaoa mwezi ujao, binti wa kijiji cha Hasamba. Nimempongeza, ila nabaki macho.

Mzee amesema posa haijakataliwa, itasubiri mpaka mavuno yaishe, anitazame kwanza. Nikamwambia, "Sijui nikushukuruje, baba." Nikamgeukia Anastazia kwa fahari. Akasema hiyo haihesabiki. Lakini alicheka! Alicheka!

Wakati naaga, Nesta, shangazi yake Anastazia, alikuwa analalamika kwamba mashine yake ya kumenya kahawa inatafuna punje badala ya maganda. Mzee alikuwa karibu, anasikia. Nikamwambia Nesta asimwite mtu mwingine, Jumanne nakuja kuifungua mwenyewe. Kwa ndani sijawahi kuiona, lakini kwa nje ni kitu cha kawaida tu.