Kifungo cha Koti la Jolán

Jumapili, 22 Novemba 1953
Jirani yangu Lipót kanifunga mabao manne bila. Tena! Mchezo wetu ni wa mezani: vifungo vya nguo ndio wachezaji, kila kimoja na jina lake, tunavisukuma kwa kitana. Yeye ni fundi cherehani, vifungo anavyo kopo zima. Puskás wangu, niliyempa jina la nahodha wa timu yetu ya taifa, katoka kwenye suruali ya ndani. Atamtisha nani?

Tumewekeana sharti. Jumatano timu yetu ya taifa inacheza na Waingereza kwao, na redio ni ya Jolán, mjane wa ghorofa ya tatu. Kando ya Jolán pana kiti kimoja tu. Atakayeshinda mezani ndiye atakayekikalia. Miaka miwili nampenda Jolán, sijathubutu kumwambia hata nusu neno.

Jumatatu, 23 Novemba
Nimempata Puskás! Koti jeusi la Jolán, kifungo cha pili kutoka juu. Cha pembe, kizito, laini ajabu. Nikajitolea kumkung'utia koti uani. Wembe, sindano, dakika tatu. Mahali pake nimeshona kile cha suruali ya ndani. Nani atagundua?

Jumanne, 24 Novemba
Kagundua. Nimemkuta ngazini kashika kola kwa mkono, kile nilichoshona kimeshadondoka, anakohoa. Akasema koti lilikuwa la marehemu mumewe, na kifungo kile hakina mwenzake duniani. Nikamsaidia kukitafuta ngazi zote, kwa magoti, nacho kimo mfukoni mwangu! Nafsi inanisuta. Nitakirudisha. Baada ya mechi.

Jumatano, 25 Novemba
Nimemshinda Lipót mawili kwa moja! Yote mawili kafunga Puskás mpya. Lipót akakigeuzageuza kifungo, akaguna.

Nikakaa kando ya Jolán. Tukawapiga Waingereza sita kwa matatu! Puskás mwenyewe akauvuta mpira nyuma kwa unyayo, beki akapita patupu, jengo zima likalia kwa furaha. Mimi sikuweza. Jolán alikuwa bado anakohoa. Nikamwekea kifungo kiganjani, nikaungama yote, hata ile suruali ya ndani.

Akakipapasa kwa kidole gumba. Kisha akauliza, "Kilifunga?"

Nikasema mawili.

"Marehemu alikisugua mwenyewe kwa nta," akasema. "Kila Jumapili alikuwa anakikata akacheze na Lipót, kila Jumatatu mimi nakishona. Safari hii utakishona wewe, Bwana Dezső."

Lipót, aliyesimama nyuma yetu, akalalamika kwamba kifungo hicho kimemtesa miaka kumi, alidhani kimezikwa pamoja na marehemu. Jolán akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu msiba.

Alhamisi, 26 Novemba
Nimeshona jioni nzima karibu na jiko lake. Nikajidunga mara saba, akanifunga kidole kwa leso yake. Tukala tambi tamu zilizonyunyiziwa mbegu nyeusi za mpopi. Nimekoma kabisa. Sigusi tena nguo ya mtu.

Ila nimekishona kwa uzi mmoja tu, kisifike Jumatatu. Na kifungo cha tatu, alipoinama kuchochea moto, nimekilegeza kidogo.