Sofa ni Sehemu ya Nyumba

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Tangi la maji la darini limepasuka. Puu! Dari yote chini, juu ya sofa ya Mama Watoto. Mimi niliruka kama swala, na uzee wangu huu! Hakuna aliyeniona. Hasara kubwa. Mama Watoto kafunga mzigo, kaenda kwa dada yake. Kasema harudi mpaka pawe na pa kukaa pakavu. Nikamwambia nina bima. Kaguna tu. Mguno ule nimeishi nao tangu ujana!

Jumanne, tarehe 4 Juni

Karani, jirani yangu mstaafu, kaja kunisomea mkataba wa bima. Kusoma najua, ila herufi zile ndogo kama chawa. Kakohoa kama hakimu, kasema bima yangu ni ya jengo, si ya vyombo vya ndani. Kwisha sofa! Kisha akasoma kwamba jengo ni pamoja na vitu vyote vilivyojengewa humo visibanduke. Hapo akili ikawaka. Karani hakuona kitu, ndiyo maana alistaafu na baiskeli.

Jioni nimechimba mashimo manne sebuleni, nikasimamisha miguu ya sofa, nikamwaga zege. Zege la mkono wangu! Nusu ya mji huu nimeijenga mimi. Ile nusu inayovuja si yangu.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Mkaguzi wa bima kafika. Binti mdogo, viatu vyeupe, shikamoo ya heshima. Nikamweleza kuwa sofa hii ilijengewa humu tangu zamani, baada ya wezi saba kutaka kuibeba nami nimelala juu yake. Akauliza, saba kweli? Nikasema wanane, mmoja alikimbia mapema. Akaandika. Mambo safi!

Ndipo Mama Watoto akaingia na chakula changu. Kanuna, lakini kaleta. Kaitazama sofa, akauliza kwa sauti kwa nini sofa tuliyonunua mwaka jana imekuwa fupi. Mkaguzi akabonyeza zege kwa kidole. Kidole kikazama.

Nikajua nimekwisha. Dari sina, mke sina. Binti kacheka mpaka kashika ukuta. Akaniita babu, akasema wao hutazama nyumba ilivyokuwa maji yalipoanguka, si ilivyorembwa kesho yake. Maneno ya mkataba yakiwa na utata, husomwa kwa faida ya mwenye nyumba. Lakini ukiingiza uongo, unakosa vyote, hata dari. Kisha akafungua ukurasa wa nyuma, ule Karani aliouruka: dari ikiporomoka, wanalipa na vilivyoangukiwa. Kumbe sofa ingelipwa tangu mwanzo!

Akaniuliza, wale wezi awaache au awafute? Nikasema afute. Wote wanane. Imeniuma, hasa yule aliyekimbia.

Jumanne, tarehe 18 Juni

Bima wamelipa! Dari mpya, sofa mpya, Mama Watoto karudi. Kasema karudi kwa ajili ya sofa. Sawa. Lakini sofa yote ile, yeye kakaa ubavuni kwangu.

Mchana wamekuja vijana wa bima kuchukua sofa ya zamani. Wakishailipa ni mali yao. Wakavuta, wakasukuma, wakamwita na dereva. Haitikisiki! Nikawauliza kama mama zao wamewanyima chakula. Mwisho wakaleta nyundo, wakang'oa sofa pamoja na kipande kizima cha sakafu.

Mama Watoto kanicheka hadi machozi, kasema nimejikomesha mwenyewe.

Hajui kitu huyu mwanamke wangu! Sakafu ni jengo. Imevunjika ghafla. Na waliovunja ni bima wenyewe! Nimeshamwita Karani aje asome tena. Wakati namngoja, nalipanua shimo kidogo, lionekane vizuri.