Jinsi Nilivyokaribia Kusimamisha Vita

Jumatatu, 17 Februari 2003. Siku ya 138 tangu niondoke nyumbani.

Theluji mpaka kiunoni. Leo tumetoboa miti mia mbili na kumi ya mepo, ile ambayo utomvu wake huchemshwa kuwa sharubati, mimi na Royal Tatro. Yaani mimi nimetoboa mia na sitini, Royal ameshika nyundo na kuzungumza. Mgongo umekwisha. Mgodi wa makaa ulinizoesha kuinama, lakini si kuinama juu ya barafu.

Royal anasema vita ni lazima. Anasema yule dikteta wa Iraki ana silaha za sumu, na akiachwa hata sisi hapa Vermont hatutapona. Nikamuuliza ni nani atakayepoteza bomu kwa mji wenye watu mia nane na ng'ombe elfu mbili. Akaniambia, "Ndiyo maana huko kwenu Virginia Magharibi mgodi ulifungwa. Hamna akili." Sijaona uhusiano. Nimekasirika hata hivyo.

Royal hana mtoto jeshini. Mimi ninaye. Denny, miaka kumi na tisa, fundi wa malori. Yuko jangwani Kuwait anasubiri kuambiwa avuke. Barua yake ya mwisho ilikuwa na mchanga ndani ya bahasha. Niliumimina kwenye kisahani, nimekiweka dirishani.

Nitarudi nyumbani Aprili, utomvu ukiisha.

Alhamisi, 20 Februari. Siku ya 141.

Habari kubwa! Tulikuwa kibandani, panapochemshwa utomvu, tukiosha ndoo. Akaingia Bibi Constance Phelps, mwalimu mstaafu, buti zimejaa theluji. Amekusanya sahihi. Kwenye mkutano wa mji, Jumanne ya kwanza ya Machi, hoja ya kumi na tisa: mji wa Harlow unamwomba Rais asiingie vitani Iraki. Imeshachapishwa kwenye ajenda. Inafuata mara baada ya ununuzi wa greda la barabara.

Royal alicheka mpaka akashikilia ndoo. Akasema Ikulu wamekaa macho wakingoja maoni ya Harlow. Bibi Phelps akamtazama. "Royal, nilikufundisha darasa la nne mara mbili. Mara zote mbili ulicheka badala ya kusoma."

Basi mjadala ukawaka, maji ya ndoo yakapoa. Bosi wetu, Wendell Choquette, anasema ni mafuta, mengine yote ni mapambo. Bibi Phelps anasema nchi ina hasira tangu minara ianguke na inatafuta wa kumpiga, hata kama siye. Royal anasema silaha, halafu akasema kuwakomboa wale watu maskini, halafu akarudi kwenye silaha.

Mimi nikasema hivi. Kampuni ya mgodi ilipotufukuza, wiki ya kwanza sababu ilikuwa usalama wetu. Wiki ya pili, bei ya makaa. Ya tatu, maji yameingia chini. Sababu ikibadilika kila wiki, basi hakuna kati ya hizo iliyo yenyewe. Na watu wa Rais mwezi huu wameshanipa nne.

Bibi Phelps akasema laiti ningekuwa mpiga kura wa hapa.

Nimefikiri siku nzima. Shule niliacha darasa la tisa, lakini hesabu hii naiweza: mji mmoja unasema hapana, halafu kumi, halafu jimbo, halafu Rais anasema haya basi. Denny anarudi nyumbani na malori yake hayajavuka popote. Kinachotakiwa ni kura. Na watu wa aina yangu, wenye mipango.

Jumamosi, 22 Februari. Siku ya 143.

Leo saa nne asubuhi nimekuwa mwananchi wa Vermont. Rahisi ajabu! Karani wa mji aliniuliza kama hapa ndipo nyumbani kwangu na kama nakusudia kubaki. Nikasema ndiyo. Mkono juu. Nikaapa kwamba nitapiga kura kama dhamiri yangu inavyoona ni vyema, bila kumwogopa wala kumpendelea mtu yeyote. Maneno mazuri. Hata harusini sikuapa kitu kizuri hivi.

Akaniuliza nilikuwa nimeandikishwa wapi kabla. Nikamwandikia wilaya yetu, na anwani kamili. Sioni ubaya wowote.

Nitarudi nyumbani Aprili, kama kawaida.

Ijumaa, 28 Februari. Siku ya 149.

Mpango kamili huu hapa. Royal ameropoka mwenyewe kwamba wafugaji wote wa ng'ombe wako upande wake. Ameniambia nisijisumbue, nimeshashindwa. Asante sana, Royal! Maana wafugaji wana ugonjwa mmoja: saa tisa na nusu lazima waende kukamua. Ng'ombe hangoji hoja ya kumi na tisa. Kwa hiyo hoja ya kumi na nane, greda, lazima irefuke mpaka saa tisa na nusu. Mimi ndiye nitakayeirefusha.

Mpango wa pili: chakula. Adhuhuri kila mtu huleta sahani. Nitaoka mikate yenye soseji kavu ndani, ile tunayobeba mgodini. Mtu akishiba chakula cha mtu, anaona aibu kumpinga.

Nimechoka hata kushika kalamu. Baridi kali bado, utomvu haujatoka tone. Bosi anazunguka akigusa miti kama daktari.

Jumanne, 4 Machi. Siku ya 153.

Naandika vidole vikinata kwa utomvu. Niseme kwa utaratibu.

Ukumbi wa shule ulijaa. Mimi mbele, nimevaa shati la harusi na kikaratasi cha hotuba mfukoni. Royal alikaa viti vya nyuma kabisa karibu na hita. Mvivu hata wa kupigania vita vyake.

Adhuhuri mikate sitini ilikwisha. Royal peke yake alikula kumi na mmoja. Sikumwona akiona aibu.

Saa saba na nusu, greda. Niliuliza greda hilo lina magurudumu mangapi. Niliuliza la zamani lilikosa nini. Niliuliza kama tumewahi kufikiria la rangi ya kijani. Nilipendekeza tununue nusu, nusu mji wa jirani. Watu walinung'unika. Mwanamke mmoja akaniuliza wazi, "We bwana, umetoka wapi?" Nikasema mimi ni wa hapa, nimeapa. Kwa muda wa saa mbili nzima nilisimama na kukaa kama pistoni.

Saa tisa na nusu, kama nilivyopanga, wafugaji wakainuka mmoja mmoja. Mzee Ordway akapita kwenye kiti changu, kofia mkononi, akanitazama kwa huzuni. Nikajua nimemweza. Nilijisikia kama jenerali.

Hoja ya kumi na tisa! Bibi Phelps akasema wakaguzi bado wanatafuta silaha na hawajaziona, waachwe wamalize. Mwanamume mmoja aliyepigana zamani Vietnam akasimama, akasema alikwenda kwa sababu aliambiwa, na mpaka leo hajaambiwa kwa nini. Mwingine akasema yule dikteta amewaua watu wake kwa gesi. Tukinyamaza, sisi ni watu gani? Hilo lilinichoma. Nikatoa kikaratasi, nikakisoma tena, nikakirudisha mfukoni. Royal akapiga kelele kutoka nyuma, "Tumalize kazi!" Mwenyekiti akamwamuru anyamaze, hana ruhusa. Nikafurahi sana. Nikaona mwenyekiti ni wetu.

Nikanyoosha mkono. Nilikuwa wa nne kwenye foleni.

Mlango ukafunguliwa. Bosi Wendell, bila koti! Jua limetoka, miti imefunguka yote kwa mpigo, matangi yanafurika, utomvu wa mwaka mzima unamwagika kwenye theluji. Akatuita mimi na Royal kwa kidole. Akasema asiyekuja sasa asije kesho.

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi kuliko siku zote. Nikienda peke yangu, Royal atabaki apige kura. Nikamfuata nyuma, nikamnong'oneza: wewe unataka vita, mimi sivitaki, kura zetu zinafutana. Tuondoke wote wawili na hesabu itabaki palepale. Royal akafikiri muda mrefu. Akajikuna kidevu. Akasema, "Unanibana, Virgil. Hii ni kura ya maisha yangu." Nikamsihi. Mwishowe akakubali, kwa uchungu mwingi. Tukapeana mikono.

Tumebeba ndoo mpaka giza linaingia. Hotuba iko bado mfukoni, imelowa. Ilikuwa na maneno ishirini tu. Jina la mwanangu, yuko wapi, na kwamba ningependa kuambiwa sababu moja isiyobadilika kabla hajavuka.

Jumatano, 5 Machi. Siku ya 154.

Bibi Phelps alikuja asubuhi. Thelathini na nane, thelathini na nane. Sare. Na sare ni kushindwa.

Nikamfariji kwamba angalau wafugaji walikuwa wameondoka. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akasema wafugaji walikuwa wake. Sahihi saba za kwanza kwenye karatasi yake ni za wafugaji, na ya juu kabisa ni ya mzee Ordway, ambaye kaka yake alifia vitani Korea. Alikuwa amemwomba jirani aanze kumkamulia, lakini hoja ya greda ilirefuka mpaka ikabidi aende mwenyewe. "Kwani hukuisoma karatasi?"

Sikuisoma.

Nikasema basi, angalau nilimtoa Royal ukumbini. Bibi Phelps akanitazama kama alivyomtazama Royal siku ile. Akasema Royal alihamia ng'ambo ya daraja miaka sita iliyopita, na ng'ambo ya daraja ni mji mwingine. Hana kura Harlow. Viti vile vya nyuma karibu na hita ni vya wasio na kura.

Nilitoka nikaenda kumtafuta. Nilimkuta kwenye miti, anapiga mluzi. Nikamwambia ni mwongo. Akasema pale ukumbini hakusema uongo hata mara moja, mimi ndiye niliyemsihi. Halafu akaacha kupiga mluzi, akasema mikate ilikuwa mizuri. Halafu akauliza kama Denny ameandika.

Nikamwambia hapana. Tukabeba ndoo.

Jumatano, 12 Machi. Siku ya 161.

Loretta amepiga simu kwa bosi saa mbili asubuhi. Mke wangu hapigi simu kabla ya usiku, bei ikishuka, hata nyumba ikiungua. Nikakimbia, nikidhani ni Denny.

Si Denny. Wanda, binamu ya Loretta, anafanya kazi ofisi ya wilaya. Ameletewa barua kutoka Vermont: Virgil Skaggs afutwe kwenye daftari la wapiga kura, amehamia huku moja kwa moja. Wanda alimsomea Loretta barua hiyo dukani, mbele ya watu.

"Baba Denny, umehama?"

Nikaeleza. Hoja, greda, wafugaji, utomvu. Nilieleza vizuri tu. Akasema yeye pia hataki vita hivi, analala na redio, lakini hakuona haja ya kuhama jimbo. Kisha akasema, "Mtoto anaandika anataka kurudi nyumbani. Na baba yake ameapa, mkono juu, kwamba nyumbani siyo hapa."

Nikasema kiapo kile kilikuwa cha kura tu. Akasema kumbe ndivyo ninavyoapa.

Sijala mchana.

Alhamisi, 20 Machi. Siku ya 169.

Vimeanza. Bosi aliwasha redio wakati wa chai. Mvuke ulijaa kibanda kizima, hatukuonana nyuso. Msemaji alitoa sababu. Ilikuwa ni ya tano.

Royal hakushangilia. Nilikuwa nimejiandaa kumpiga akishangilia. Alichukua ndoo zangu mbili akaongeza kwenye zake, akatoka.

Denny lazima ameshavuka. Najaribu kuwaza lori tu, injini, mikono yake ndani ya injini. Siwazi zaidi ya hapo.

Basi. Nimejifunza, na sitarudia makosa. Kosa lilikuwa kutegemea mji mzima. Mji una watu wengi mno. Mpango mzuri unataka watu wawili. Kwa hiyo leo jioni nimekaa na Royal tukapatana. Nitamfanyia zamu zake zote mpaka tarehe kumi na tano Aprili, kukusanya, kuni, kila kitu. Naye ataosha ndoo zangu zote mwisho wa msimu, elfu moja na mia mbili, ili mimi niondoke mapema. Alijikuna kidevu muda mrefu. Akasema namwonea. Mwishowe akakubali, na tukapeana mikono.

Kuhusu vita, Royal anasema wiki tatu. Mimi si mjinga, nimeweka nne.

Kwa hiyo nimemwandikia Loretta hivi. Tarehe ishirini Aprili, Jumapili ya Pasaka, saa sita mchana nitakuwa mlangoni. Denny akichelewa, ni siku chache tu. Mezani aweke viti viwili zaidi.